JENGA UKINGO JUU YA NYUMBA YAKO
Mafundisho kwa ajili ya Siku ya Kazi

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Matayo 4:5-7, Luka 13:1-5



Kila mwaka, tarehe 1 Mei, tunasherehekea Siku ya Kazi. Siku tatu mbele yake, tarehe 28 Aprili, ni siku ya ulimwengu wote ya usalama na afya kazini, iliyowekwa na Shirika la Kazi la Kimataifa tangu mwaka wa 2003. Watu wengi wa kwetu hawaijui siku hii ya pili. Wanajua ile ya kutembea kwa mistari na kuvaa nguo mpya. Lakini ni nani atakayetembea kwa mistari kama mkono wake umebaki ndani ya mashini? Ni nani atakayevaa nguo mpya kama amelala chini ya udongo wa Kolwezi? Kwa hiyo tumepasika leo kusema juu ya jambo hili mbele ya Mungu.

Kanisa letu lina maneno matatu ambayo hata mtoto mdogo anayajua: Upendo, Amri, Kazi. Tunayasema mara nyingi, tunayaimba pia. Leo tuyachukue tuende nayo pale tunapotafuta mkate wetu: ndani ya mine, ndani ya karakana, juu ya nyumba zinazojengwa, juu ya pikipiki, sokoni na shambani. Tutaanza na Kazi, kisha Amri, na mwisho Upendo.

1. KAZI

Mungu alimweka Adamu shambani ili alilime na kulitunza. Hii ilikuwa mbele ya dhambi kuingia. Ni kusema kazi si laana, ni zawadi. Lakini tazameni vizuri, wapenzi: Adamu alipewa mambo mawili, kulima na kutunza. Sisi tumeshika la kwanza, la pili tumelisahau. Tunachimba, lakini hatutunzi. Tunajenga, lakini hatumtunzi yule anayejenga.

Mhubiri, katika sura ya 10, anatukumbusha kwamba mwenye kuchimba shimo anaweza kuangukia ndani yake, mwenye kupasua mawe anaweza kuumizwa nayo, na mwenye kukata miti ana hatari yake. Anasema pia juu ya chuma kilichokuwa butu: kama mtu hakinoi, atatumia nguvu nyingi bure. Mnaona? Maandiko Matakatifu yanajua kazi ya mikono. Hayafichi kwamba kila kazi ina hatari yake, na yanaonyesha kwamba hekima ni kuijua ile hatari mbele ya kuanza.

Sisi watu wa Katanga tumepashwa kuelewa neno hili kuliko wengine. Udongo huu umetulisha tangu mwaka wa 1906, wakati Union Minière du Haut-Katanga ilipoanzishwa, na hata mbele ya hapo mababu zetu waliyeyusha shaba. Wale waliofanya kazi chini ya udongo wanajua kwamba ndani ya mine wanaacha nguzo za mawe zisizochimbwa, ili zishike paa. Nguzo ile nayo ina shaba ndani yake. Ni feza iliyosimama. Na jaribu ni hili: kuikata kidogo leo, kidogo kesho, kwa kuwa inaonekana kama mali iliyolala bure. Mwaka wa 1990 sehemu kubwa ya mine ya chini ya Kamoto iliporomoka. Wazee wanakumbuka namna kazi ilivyoanza kufa katika miaka ile. Kulikuwa na sababu nyingi, lakini kuanguka kwa Kamoto kulikuwa moja kati ya hizo.

Wapenzi, kila kazi ina nguzo zake. Saa ya kupumzika ni nguzo. Kaske ni nguzo. Breki ya gari ni nguzo. Kukata umeme mbele ya kugusa waya ni nguzo. Tunazikata kidogo kidogo kwa kutafuta feza iliyo ndani yake, na kila siku paa isipoanguka tunafikiri tumeshinda. Lakini paa haitoi habari mbele ya kuanguka.

2. AMRI

Sasa tusikilize amri ya Mungu katika Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari ya sawasawa juu. Watu walipanda huko kupumzika jioni, kulala wakati wa joto, kuanika vitu, hata kuomba, sawa vile Petro alivyofanya kule Yopa. Mungu akawaamuru kwamba mtu akijenga nyumba mpya, azungushe ukingo juu ya dari yake, ili kama mtu akianguka damu isiwe juu ya nyumba ile.

Tuangalie mambo matatu katika amri hii.

La kwanza: Mungu hakusema, ombeni ili mtu asianguke. Alisema, jenga. Maombi yana pahali pake, na ukingo una pahali pake. Yule anayeomba na hajengi, ameitii nusu tu.

La pili: ukingo unajengwa pamoja na nyumba mpya, ni kusema mbele ya mtu kuanguka. Sisi desturi yetu ni nyingine. Tunangoja kilio kwanza. Mtu akisha kufa, ndipo kamba mpya inanunuliwa. Mtoto akisha kuingia ndani ya kisima, ndipo mbao zinaletwa za kukifunika. Katika Kutoka 21:33 Mungu anamdai hata yule aliyeacha shimo wazi, ng'ombe wa jirani akaanguka ndani. Kama ng'ombe ana mwenye kudaiwa, je, mtoto wa mtu?

La tatu: Mungu anamwita mwenye nyumba. Hakumwita mgeni aliyepanda juu akasahau kuangalia miguu yake. Anayejenga, anayeagiza, anayelipa, ndiye anayeulizwa kwanza juu ya damu. Mashefu wa kazi, mnasikia? Na sheria ya nchi yetu inakubaliana na neno hili. Kodi ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda afya na usalama wa watu wake, na inataka komite ya usalama na usafi pahali pa kazi. Sheria ya mine nayo inaweka mpaka kwa wachimbaji wa mikono: wasishuke zaidi ya metre 30. Aliyeandika metre 30 hakutaka kuwanyima mali. Alijua kwamba kadiri shimo linavyoshuka, hewa inapungua, maji yanaongezeka na udongo unalemea.

Sasa kuna mtu atakayesema: Papa, sisi ni watu wa imani, Mungu atatulinda. Tumjibu kwa upole, lakini tumjibu. Ibilisi alimpandisha Bwana Yesu juu ya hekalu akamwambia ajitupe chini, na akatumia Maandiko, Zaburi ya 91, kwamba malaika watamshika. Zaburi ile ni ya kweli, lakini Yesu alikataa, akasema mtu asimjaribu Bwana Mungu wake. Kama Mwana wa Mungu mwenyewe alikataa kujitupa chini, wewe ni nani unayeruka?

Tunapokea maji ya Nkamba kwa imani. Wengi kati yetu wana ushuhuda wa maji yale. Lakini hatukupewa maji yale ili yashike paa ya shimo pahali pa miti. Hatukuyapewa ili dereva alewe usiku na aendeshe asubuhi. Hekaluni tunavua viatu vyetu, kwa sababu pale ni pahali patakatifu na Mungu ameagiza hivyo. Kazini tuvae bote zetu, kwa sababu pale kuna misumari, moto na mawe, na Mungu ametupa akili ya kuvaa. Yule anayevua hekaluni na yule anayevaa kazini ni mtu mmoja anayemheshimu Mungu mmoja.

Na tuseme wazi juu ya lutuku. Kanisa letu linakataza pombe, na kila mtu anajua. Lakini kuna vijana wanaofikiri kwamba katazo lile ni la siku ya Mungu tu. Wanasema kwamba bila kikombe kidogo hawawezi kushuka, woga unawashika. Ndugu, woga ule umepewa na Mungu! Ni mlinzi aliyesimama mlangoni mwa shimo. Wewe unamlevya mlinzi ili upite.

3. MNARA WA SILOAMU

Mbele ya kufika kwa neno la tatu, inatupasa kugusa kidonda kimoja. Katika Luka 13, Yesu alikumbusha watu juu ya mnara wa Siloamu, ulioanguka ukaua watu 18. Akawauliza kama wale 18 walikuwa wabaya kuliko watu wote wa Yerusalema. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo.

Kwetu kukitokea ajali, watu hawaulizi kamba ilikuwa ya namna gani. Wanauliza, ni nani aliyemroga? Bibi mzee aliyekaa peke yake anaonyeshwa kidole. Mtoto yatima anafukuzwa nyumbani. Mjane, pahali pa kufarijiwa, anaulizwa alitaka nini. Na kule kazini kamba iliyooza inabaki pale pale, inamngoja mwingine. Wiki mbili zikipita, inakatika tena, na watu wanasema: mnaona, ulozi ni mkali!

Wapenzi, hapo tunatenda dhambi mbili kwa mara moja. Tunamtesa asiye na kosa, na tunamwacha aliye hai aendelee kufa.

Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, wachimbaji zaidi ya 40 walikufa udongo ulipowaangukia. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga katika Kivu ya Kusini, mvua kubwa iliingiza maji ndani ya mashimo ya zahabu, na watu wapata 50 walitangazwa kufa. Udongo uliochimbwa chini bila kushikwa unaanguka. Maji ya mvua yanatafuta pahali pa chini. Hii haihitaji mlozi. Kuna jambo lingine tena: moteri ya kuvuta maji ikiwashwa ndani ya shimo, moshi wake unaleta hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia usingizi, anaanguka. Ndugu yake anashuka mbio kumtoa, naye anaanguka. Wa tatu vilevile. Watu wa nje wanaona watatu wamekufa bila kidonda, wanasema ni pepo. Si pepo, ni moshi. Moteri ikae nje, mbali na mdomo wa shimo. Na yule anayeanguka ndani asifuatwe na mtu asiye na kamba kiunoni na watu wa kumvuta.

Yesu alimaliza neno la Siloamu kwa kusema watu watubu. Kutubu ni kugeuka. Kugeuka kazini ni kubadili lile lililoleta kifo.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja juu ya ushuhuda zetu. Ndugu anasimama mbele ya kanisa anasema: jiwe lilipita karibu na kichwa changu, Mungu ameniokoa. Tunapiga mikono, tunaimba Aleluya, naye anatoa sadaka ya shukrani. Ni vizuri sana, tuendelee. Lakini tumwulize pia: ndugu, jiwe lile lilitoka wapi? Umewaambia wenzako? Umemwambia shefu? Pale lilipotoka pamefanywa nini? Kama siku ya kwanza ya juma atarudi kusimama pahali pale pale bila kaske, basi shukrani yake ilikuwa ya mdomo. Mungu alimpa onyo, naye amelipokea kama zawadi ya kula. Shukrani ya kweli inarudi kazini na nyundo, inaondoa jiwe la pili.

4. UPENDO

Tumefika kwa neno ambalo ni kubwa kuliko yote. Ni kwa njia gani mtu anabadilishwa ili afanye kazi kwa uangalifu? Wengine wanafikiri ni kwa kelele na kukata mshahara. Mtu akipigiwa kelele, atavaa kaske shefu akiwa pale, na ataivua shefu akigeuka. Akikatwa mshahara kwa kuumia, ataficha kidonda. Na ajali iliyofichwa haina dawa. Tena inampotezea mtu haki yake, maana CNSS, ile iliyoitwa INSS zamani, inashughulika na ajali za kazi, lakini itasaidiaje juu ya ajali ambayo hakuna mtu aliyeitangaza?

Bwana Yesu ametuonyesha njia katika Matayo 18. Ukiona ndugu yako amekosa, umwendee ninyi wawili tu. Usimwaibishe mbele ya wenzake, kwa maana kijana aliyechekwa atapanda juu zaidi ili aonyeshe hana woga. Umwite kando, umwulize kwanza: ndugu, juu ya nini haukufunga kamba? Sikiliza jibu lake. Pengine kamba ni fupi. Pengine ganti zimepasuka na aliona haya kuomba nyingine. Pengine hakufundishwa kamwe. Asiposikia, chukua wawili au watatu wanaofanya naye kazi. Asiposikia tena, ndipo neno liende kwa mkubwa. Hii si kumchongea. Kumchongea ni kutaka aanguke. Wewe unataka asianguke.

Na akifanya vizuri, umsifu! Sisi tunafanya bidii kuona kosa na uvivu kuona wema. Fundi aliyesimamisha kazi kwa sababu mbao za kupandia zimelegea, watu wanamwita mvivu. Tumwite mlinzi wa ndugu zake. Kaini aliuliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Mkristo hawezi kuuliza vile.

Kwa mashefu: watu wenu wanatazama miguu yenu kuliko mdomo wenu. Kama wewe unapita bila kaske, barua zote ulizopiga juu ya ukuta ni karatasi tu. Na kama kila jioni unauliza tani ngapi zimetoka, na hauulizi kama wote wamepanda wazima, wamekwisha kujua unachokipenda.

Kwa mafundi wa umeme na wa mashini: kata umeme, funga, na ufunguo ukae ndani ya mfuko wako mpaka umalize. Usimwachie mtu ufunguo wa maisha yako.

Kwa wamotari: mtu unayembeba ni mtoto wa mtu. Kaske moja ikae juu ya kichwa, si juu ya kioo cha pikipiki.

Kwa wamama: mume akirudi jioni, neno la kwanza liwe kumshukuru Mungu kwamba amerudi mzima, habari ya feza ifuate. Nguo zake za vumbi zisifuliwe pamoja na nguo za watoto, kwa maana vumbi la mawe linaharibu mapafu polepole, na mtu anaweza kufikiri ni kifua cha kawaida. Na wamama wanaofanya kazi wenyewe ya kuosha na kuchagua mawe: mtoto asibebwe mgongoni pale penye vumbi. Wamama wa mtaa wapangane ili mmoja abaki na watoto.

Tunajua mtu mmoja anasema moyoni: Papa muhubiri, maneno haya ni ya mtu aliyeshiba, mimi sina feza ya kaske, na nikikataa kushuka, mwingine atachukua pahali pangu. Ndugu, hatukucheki. Njaa ni ya kweli, na dhambi kubwa hapa ni ya yule anayetumia njaa yako kukupeleka pabaya. Lakini kuna mambo mengi yasiyouzwa. Kungoja udongo ukauke baada ya mvua hakuuzwi. Kutikisa kamba na kuiangalia mbele ya kupanda hakuuzwi. Kutoshuka peke yako hakuuzwi. Kumwacha mmoja juu anayesikia sauti yako hakuuzwi. Na lile lisilowezekana kwa mtu mmoja, linawezekana kwa kumi: changeni kidogo kidogo sawa vile mnavyochanga kwa ajili ya kilio. Juu ya nini tunapata feza ya sanduku upesi, na feza ya kamba tunakosa?

Na kanisa lianze kwake. Tunapofanya salongo ya kujenga hekalu, tunabeba mawe na kupanda juu kwa kuimba. Kazi ile ni ya Mungu, basi isifanywe ovyo. Mbao za kupandia ziangaliwe asubuhi. Watoto wasipite chini ya wanaojenga. Kila salongo iwe na mtu mmoja aliyechaguliwa kuangalia hatari, na akisema tusimame, hata mchungaji asimame. Nyumba ya Mungu isikosekane ukingo.

TUOMBE

Ee Mungu Baba, wewe uliyetupa mikono, utupe pia akili ya kuilinda. Uwafariji wajane na yatima waliobaki Kolwezi, Kamituga na pahali pengine pote ambapo udongo umekula watu wetu. Uwasamehe wale waliosingiziwa na wale waliosingizia, uwapatanishe. Uwape mashefu moyo wa kuuliza juu ya watu mbele ya kuuliza juu ya tani. Uwape wafanyakazi ujasiri wa kusema, na wenzao masikio ya kusikia. Uonyeshe kila mmoja wetu pale ambapo nyumba yake haina ukingo, na umpe nguvu ya kujenga kesho asubuhi, mbele ya mtu kuanguka. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu.

Na wote tuseme: Amina.